Firigisi za Mkwe

Jumatatu, 16 Juni

Baridi ya Kasama leo inakata masikio, lakini moyo wangu una joto. Ba Mulilima amestaafu! Idara ya sayansi ya chuo chetu cha ualimu haina mkuu. Ofisi ile yenye hita na kiti cha kuzunguka iko tupu. Nilipita mlangoni mara kadhaa, kwa bahati tu. Kiti kinanisubiri mimi. Nani mwingine? Nilianza kufundisha biolojia hapa kuta za maabara zikiwa bado zina rangi.

Kikwazo ni kimoja, nacho kinavaa miwani. Euphrasia Nsofwa. Mwalimu wa juzi tu! Asubuhi kwenye kikao mkuu wa chuo, Ba Chitundu, katangaza kwamba Jumamosi wanakuja wakaguzi kutoka Lusaka. Walimu wa sayansi tuandae maonyesho. Atakayewaridhisha wakaguzi ndiye mkuu mpya wa idara. Kabla hajamaliza, Nsofwa kanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza anayetaka kwenda haja. Ana wazo. Matumbo ya ndege!

Akaanza. Ati chakula cha ndege ndicho kinachounda tumbo lake. Ndege wa nafaka ana firigisi nene, ngumu, yenye vijiwe ndani vya kusagia, maana hana meno. Mwewe anakula nyama, kwa hiyo tumbo lake ni mfuko mwembamba tu, nyama haihitaji kinu. Mla samaki ana tumbo la kutanuka. Mla matunda, firigisi yake ndogo mpaka uitafute. Nilicheka hadi nikapaliwa. Watu watoke Lusaka kuja kutazama utumbo! Utumbo si upo sokoni, unauzwa kwa mafungu?

Ba Chitundu akasema ni wazo zuri sana.

Nikaacha kucheka. Nikasema hata mimi nilikuwa na wazo hilohilo, tena langu ni kubwa zaidi. Nsofwa akanitazama kwa juu ya miwani, akauliza tangu lini. Nikamjibu tangu utotoni. Ba Chitundu akakuna kidevu, akasema basi wote wawili tuonyeshe, wakaguzi watalinganisha.

Sina wasiwasi hata kidogo. Ba Chitundu ni mkwe wangu! Mwanawe Davies anamwoa binti yangu Mwenya. Ijumaa hii, hapa kwangu, tunampikia bwana harusi karamu ya kumwonyesha moto, yaani vyakula vyote atakavyopikiwa na mkewe, na ukoo mzima wa Chitundu utakuja kula. Mtu ashibe kuku wako Ijumaa, halafu Jumamosi akunyime kiti? Thubutu.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya kutafuta ndege. Nimeanza na mwewe. Wanashinda juu ya soko, nyuma ya wauza nyama. Nikaweka kipande cha ini juu ya jiwe, nikajibanza nyuma ya pipa la taka na wavu wa kuvulia samaki. Mwewe akashuka. Ini hakuligusa. Alinipokonya mkate wangu wa mayai mkononi, na kipande cha ngozi ya kidole juu yake! Wauza nyanya wakashikana mbavu. Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, kesho mletee na chai, asije akapaliwa!" Hawa ndio watu ninaowasomeshea watoto.

Nikapita maabara nikinyonya kidole. Nsofwa anaye mwewe. Mzima kabisa. Yaani amekufa, lakini mzima. Alinaswa na waya wa umeme, watu wakampelekea. Umeme wenyewe tunauona kwa bahati, yeye umemuulia mwewe! Anaye pia mnandi, yule mweusi anayepiga mbizi, aliyenasa kwenye nyavu za shemeji zake huko ziwani Bangweulu. Anaye hondohondo, na njiwa. Anaandika majina yao kwenye vikaratasi kwa mwandiko mzuri wa kukera.

Nyumbani nako hakukaliki. Dada yangu mkubwa, Ba Felistus, kahamia kwangu. Yeye ndiye shangazi wa bibi harusi, yeye ndiye kungwi, yeye ndiye serikali. Kanitoa chumbani kwangu, humo ndimo anamomfunda Mwenya. Nalala sebuleni na viazi.

Jioni uzi wa shanga zake ukakatika uani. Shanga za kufundia, nyekundu na buluu, alirithishwa na bibi yetu. Zikatapakaa kila mahali. Na kuku wa karamu wapo hapohapo, wamefungwa miguu wanangoja siku yao. Wakazidonoa kama mtama! Ba Felistus akapiga yowe mpaka jirani akaja na jembe. Nikamtuliza, nikamwambia shanga zimejaa sokoni, anunue nyingine. Akaniambia mimi nilizaliwa siku ambayo akili zilikuwa zimekwisha. Tangu hapo hanisemeshi. Afadhali.

Jumatano, 18 Juni

Bahati! Nimemwokota bundi kando ya barabara ya chuoni. Amegongwa na gari usiku, bado mbichi. Nikamtia kwenye mfuko wa plastiki, nikaja naye nyumbani nikipiga mluzi, nikamlaza kwenye beseni jikoni nikanoe kisu.

Ba Felistus akaingia kuchota maji.

Sitaandika yote. Bundi, ndani ya nyumba yenye mwali! Akaniuliza kama nataka mtoto arudishwe kabla hajaenda. Akaniuliza ni nani kanituma. Mke wangu, Mama Mwenya, akakaa chini hapohapo sakafuni akajishika kichwa. Bundi kachomwa moto nyuma ya choo, beseni likafuata, likiwa beseni zuri tu. Mchungaji kaitwa kuombea nyumba. Akaiombea, kisha akaniombea mimi, mkono juu ya kichwa changu, akinikandamiza kama anafunga sanduku. Sasa majirani wakiniona wanavuka barabara. Nusu yao nimewafundisha mimi! Nimewaambia wazi kwamba bundi ni ndege. Sayansi kwao imeingilia sikio hili ikatokea lile.

Basi sina ndege hata mmoja, na Jumamosi imebakiza siku tatu. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilikaa juu ya gunia la viazi nikafikiri. Tumbo ndani ya chupa ni nini? Ni kinyama. Nani amewahi kumwona mwewe kwa ndani? Chukua firigisi ya kuku. Iparue kwa wembe mpaka iwe nyembamba, andika: mwewe. Ivute, itanue, andika: mnandi. Dawa ya kuhifadhia itavipa vyote rangi moja ya kijivu. Nani atajua?

Nikaenda dukani. Zipo firigisi za pakiti, za kuku wa kufugwa bandani. Lakini zimeshapasuliwa, zimeoshwa, zimekuwa kama vitambaa. Mimi nataka nzima, zenye vitu vyake ndani. Nikasimama mbele ya friji lile mlango wazi, mwenye duka akinikodolea macho, na palepale wazo la pili likanijia. Kuku wa karamu! Kesho wanachinjwa. Nikanunua pakiti. Mwenye duka kanitakia sikukuu njema.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefaulu!!

Wanawake wamechinja kuku wote saba, wamewanyonyoa, firigisi zikakusanywa kwenye bakuli lake peke yake, lililofunikwa kwa kitambaa cheupe. Huku kwetu firigisi haichezewi. Ni ya mwenye nyumba, ni ya mkwe. Mwanamke akimpa mwanamume mwingine, wazee wanaitwa. Na kwenye karamu ya kumwonyesha mkwe moto kuku huja mzima, firigisi yake juu kifuani, na bwana harusi huanza nayo. Ukimletea kuku asiye na firigisi bora umletee majani.

Ba Felistus akiwa ndani na mwali, nikamfuata mke wangu, nikamwambia nataka kuziosha mimi. Akanishika paji la uso. "Baba Mwenya, una homa?" Nikamwambia ni mapenzi ya baba kwa mwanawe. Macho yakamlenga machozi! Akaangalia huku na huku, akanipa bakuli chini ya kitenge, akaninong'oneza niende nyuma ya bafu, nifanye haraka. Mwanamume kutia mikono kwenye firigisi za mkwe ni aibu ya nyumba nzima, akasema, na yeye hatalitamka hata wamkate ulimi. Mwanamke mwema, pamoja na kuongea sana.

Nyuma ya bafu nikazimimina zile ndani ya mkoba wangu. Nikafungua pakiti. Nikarudi na firigisi saba safi, zinang'aa. Mama Mwenya akashangaa nimejifunzia wapi kuosha vizuri hivi, na miaka yote hii sahani yangu naiacha mezani. Baadaye kupitia dirishani nikamsikia Ba Felistus akizipima kiganjani, analalamika mbona zimelegea. Mke wangu akamjibu ndio kuku wa siku hizi, hata watu wamelegea.

Mchana kutwa nimejifungia maabara na wembe. Kazi ngumu! Firigisi za hawa kuku ni ngumu kama soli ya kiatu, maana maisha yao yote wamekula mahindi na kokoto za uani kwangu. Wembe umeniishia mara mbili. Ya mwewe nimeiparua nje tu, ndani sikuigusa, nilichoka. Lakini angalia safu yangu: mwewe, bundi, mnandi, hondohondo, mdiria, chozi, na kuku mwenyewe kwa ajili ya ukweli. Saba! Nsofwa anao wanne tu. Firigisi ya chozi imetoka kubwa kuliko chozi mwenyewe, kile kindege cha kunyonya maua, ambaye kwa kweli angeenea ndani ya kiberiti. Si neno. Watu wa Lusaka watamjulia wapi chozi?

Ijumaa, 20 Juni

Naandika nikiwa peke yangu sebuleni. Hakuna anayeniletea hata maji.

Mambo yalianza vizuri. Wanawake wetu wakaingia kwa nyimbo, vyakula vichwani, wakapiga magoti, wakamtambulishia bwana harusi kila sufuria: ugali wetu wa nshima nyeupe, dagaa, mboga za karanga, chikanda ya mizizi na karanga iliyokatwa vipande vinene, vibuyu vya kinywaji cha munkoyo. Ba Chitundu amekaa mkekani karibu na mwanawe, anatabasamu mpaka masikioni. Nikajiona kwenye kiti kile, nazunguka.

Kuku wakafunuliwa. Davies akachukua firigisi ya kwanza kama inavyotakiwa, akaing'ata. Meno yakakutana mara moja. Akasita. Akamtazama baba yake. Ba Chitundu akamega, akatafuna, tabasamu likaanza kushuka. Wakampa babu yao, Mzee Kapeso, mzee aliyebakiwa na meno matatu. Akaitia kinywani, akaimeza. Hivyo tu.

Huo ndio ulikuwa msiba wenyewe. Mzee Kapeso akaweka fimbo chini, akasema kwa sauti ya baraza: "Mimi firigisi ilinishinda zamani. Huwa naimumunya, naikabidhi kwa wajukuu. Hii nimeimeza kama uji. Kuku huyu hajawahi kuparua ardhi. Huyu kalelewa kwa unga!" Akamega paja, akalivuta, likakataa kukatika. Akasema nyama ni ya kienyeji, firigisi ni za dukani. Kuku hawezi kuwa na mwili wa kijijini na tumbo la mjini. Kinachomlisha ndicho kinachomuumbia tumbo.

Maneno haya nimeshayasikia mahali. Sikumbuki wapi.

Halafu shangazi zake Davies wakaanza, mmoja akamwambia mwenziwe, makusudi ili sote tusikie: zile za kweli kala nani? Nyumba ambayo firigisi zinapotea, mama mwenye nyumba ana mtu wa kumlisha. Na kama mama yuko hivyo, binti naye je? Sahani zikafunikwa. Chakula kizima kikafunikwa kama maiti! Ba Chitundu akasimama, hanitazami, akasema harusi itasubiri mpaka watu waelezwe firigisi zimekwenda wapi.

Ba Felistus akauliza mbele ya wote ni nani aliyeziosha.

Mke wangu alikuwa bado amepiga magoti. Akaniangalia. Mimi nikaangalia paa. Kuna bati moja pale linavuja, nimekuwa nikitaka kulitengeneza tangu masika. Akaniangalia tena, muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa akasema, "Ni mimi. Niliziosha mimi, peke yangu."

Ndani chumbani Mwenya akaangua kilio.

Sasa ningefanyaje? Nikiri leo, nipoteze kiti kesho? Hasara juu ya hasara! Mtu mwenye akili anangoja. Kesho nikishakuwa mkuu wa idara nitazungumza na Ba Chitundu kwa cheo, ofisini, miguu ikiota moto, na mambo yote yataisha. Hata Mama Mwenya mwenyewe atanishukuru. Anapenda sana hita.

Lakini leo hajaniuliza kitu. Amepita na sufuria zake mara tatu, mdomo kaufunga. Ningependa angalau anitukane.

Jumamosi, 21 Juni

Loo!

Nitajaribu kueleza kwa utaratibu. Ukumbi umejaa. Wakaguzi wawili: mwanamume mrefu anayepiga miayo, na mama mmoja mwenye mafua, Madamu Mudenda, ndiye mkubwa. Meza ya Nsofwa: ndege wake wanne, matumbo yao yamepasuliwa na kukunjuliwa, hili nene, hili jembamba, hili kama soksi, mpaka mtoto angeelewa. Hana aibu. Meza yangu: chupa saba zinang'aa. Madamu Mudenda akainama kwenye chupa ya chozi, akapangusa pua, akasema kwao Monze chozi ni ndege mdogo sana. Nikamwambia wa huku kwetu ni wa baridi, wananenepa. Akaandika.

Ba Chitundu ameketi mbele, uso wa ukuta. Sikujali. Kazi na ukwe ni vitu viwili.

Ndipo Nsofwa akafungua kinywa chake. Kwa upole, wa nyoka! Akasema mwalimu mwenzake amefanya kazi kubwa, lakini matumbo yote ameyahifadhi yakiwa yamefumba. Je, si vizuri tupasue moja tuone ndege alikula nini mara ya mwisho? Madamu Mudenda akapenda. Nikasema si lazima. Akasema ni lazima. Nikasema mkasi sina. Nsofwa alikuwa nao mfukoni. Madamu akanyoosha kidole: "Huyu mwewe."

Mkasi ukaingia. Ukakwama, ingawa ukuta wa tumbo la mwewe ungepaswa kuwa kama karatasi. Madamu mwenyewe akakaza mikono miwili. Ikapasuka, na kwenye sinia zikamwagika kokoto na mahindi.

Watu wakanitazama. Sikupepesa! Nikaeleza kwamba mwewe huyu alimla kuku, na kuku huyo alikuwa amekula mahindi. Yule mrefu akatikisa kichwa taratibu, akasema inawezekana. Naapa alisema inawezekana! Nilikiona kiti kile, nilikuwa nimeshainama kukikalia.

Kisha Madamu Mudenda akaminya tena. Ikatoka shanga nyekundu. Ikafuata ya buluu. Zikaendelea kutoka, moja moja, zikigonga sinia, ukumbi mzima unasikiliza.

Na ni nani wako mlangoni wakati huo? Ba Felistus, mke wangu, na wazee wawili wa ukoo wetu, wamekuja kumwangukia Ba Chitundu, wakaambiwa yuko ukumbini. Ba Felistus akapasua watu kama jembe linavyopasua ardhi ya mvua. Akaokota shanga, akaipeleka kwenye mwanga. "Shanga za bibi!" Akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo mbaya. "Mdogo wangu, hebu niambie. Huyu mwewe wako ndiye aliyekuwa amefungwa mguu uani kwetu?"

Ukumbi ukalipuka. Wanafunzi walilala juu ya madawati. Yule mrefu kutoka Lusaka aliacha kupiga miayo. Nikajaribu kueleza tofauti kati ya kielelezo na udanganyifu, lakini sauti yangu ilimezwa. Ba Felistus akashika chupa moja moja akisoma majina. "Na huyu chozi naye, maskini, si yule kuku wangu mwekundu?" Nsofwa alivua miwani akaifuta. Alikuwa analia kwa kicheko, mwanamke mzima.

Ba Chitundu akainuka. Nikanyoosha mkono nimpokee, maana mkwe ni mkwe. Akanipita kama anapita mlingoti. Akaenda mpaka mlangoni kwa mke wangu. Pale mbele za watu, mkuu wa chuo, akachutama, akapiga makofi ya heshima kama kwa mama yake mzazi, akamwomba radhi. Akasema jana ukoo wake ulimvunjia heshima mwanamke aliyekuwa anambeba mume mgongoni. Akasema harusi iko palepale. Karamu ipikwe upya, na huyu, akanielekeza kidole bila kugeuka, asisogee jikoni.

Mama Mwenya akampokea kwa kupiga magoti. Kisha akaja mezani kwangu. Nikajiandaa. Alikusanya shanga zote kwenye sinia, akaziosha kwenye sinki, akazikausha kwa ncha ya kitenge, akamkabidhi wifi yake, wakaondoka pamoja. Nilipomwita hakugeuka.

Nimebaki na chupa zangu. Wakaguzi walitangaza jina. Sitaliandika humu.

Jumapili, 29 Juni

Nsofwa! Mkuu wa idara ni Nsofwa. Basi, nimeliandika. Wiki nzima mgao wa umeme umechukua upande wetu wa mji, hita ni chuma tupu, anafanya kazi na koti na glavu. Haki ipo duniani.

Jumatano wamepika karamu upya. Ba Felistus alikaa juu ya kigoda akilinda bakuli la firigisi kwa mwiko, hata Mchungaji alipokuja kusalimia alimhoji. Mzee Kapeso alimumunya ya kwanza mpaka jua likahama, ikamshinda, akaitoa, akaikabidhi kwa mjukuu, akatangaza kwamba huyo sasa ndiye kuku. Watu walishangilia kama timu ya taifa imefunga. Mimi nilikuwa getini, naelekeza magari. Yalikuja mawili.

Jana harusi. Mwenya amependeza. Aliponiaga alinikumbatia, akaninong'oneza sikioni, "Baba, usiwe unapasua vitu." Sikuelewa kwa nini nililia. Ni vumbi la Kasama.

Leo nyumba iko kimya. Mama Mwenya ananisemesha, asifiwe Mungu, ingawa ni maneno ya lazima tu: chumvi, funguo, mlango. Mchana kaniwekea nshima na kuku wa kienyeji. Nikafunua. Paja lipo, kidari kipo, shingo ipo. Nikageuza vipande vyote, nikachungulia mpaka chini ya mchuzi. Nikamuuliza, kwa upole, firigisi iko wapi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti mbele yangu, sahani yake magotini. Miaka yote ya ndoa yetu sijamwona mwanamke huyu akigusa firigisi, wala mama yake, wala bibi yake. Akaichukua kwa vidole viwili, akaionyesha kwenye mwanga wa dirisha, akaitia kinywani. Akatafuna. Taratibu, ananitazama. Ilikuwa ya kienyeji hasa, ilichukua muda mrefu. Mimi nikaangalia paa. Lile bati bado linavuja.

Nimetafakari sana jambo hili lote, na kwa haki kabisa naona kosa si langu. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa ni la yule kuku. Kuku gani mwenye akili timamu anakula shanga?

Na tazama ujinga usivyokoma. Nsofwa ameshabandika tangazo la muhula ujao. Safari hii ni kulinganisha miguu ya ndege! Ati makao ya ndege ndiyo yanayounda mguu wake: wa majini ana utando kati ya vidole, wa nchi kavu hana. Nilisoma nikacheka peke yangu pale ukutani. Miguu! Bora yangekuwa matumbo.

Sasa hivi nimesimama dirishani. Bata wa Mchungaji wanapita nje, wanatembea kwa majivuno kama wao ndio wenye mtaa. Wanene. Miguu mikubwa. Ule utando ukiubandua vizuri pale katikati ya vidole, nani atajua?

Wembe bado ninao.